Jinsi Dualeh Alivyofikisha Maziwa kwa Pedeli

Sogeeni, enyi wenye masikio na viti vya kukalia, na asiye na kiti achuchumae! Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, na wewe unayetafuna miraa pale nyuma, tafuna polepole tusikilizane. Hapa zinasimuliwa habari za Dualeh mwana wa Guleid, Mshika Usukani, mjukuu wa askari, na vita alivyopigana kutoka steji ya mabasi yatokayo Kulamawe hadi mlango wa hoteli ya Kiende, humo humo mjini Isiolo, mwendo wa kilomita mbili na kipande, akiwa na lita kumi za maziwa ya ngamia, baiskeli isiyo yake na kikoi kimoja kizima. Maziwa yalifika yote. Kikoi hakikufika chote.

Kwanza mjue Dualeh alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu wa gari. Akitaka kiberiti dukani, mlango wa tano kutoka kwake, aliwasha gari. Akienda msikitini, ambako mwadhini akisafisha koo tu yeye husikia akiwa kitandani, aliwasha gari. Na gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, mzee kuliko mabati ya nyumba yake, ambalo alilipa jina la Jenerali kwa heshima ya babu yake aliyevaa sare za mkoloni na kufika nchi hii na bunduki begani.

Jenerali alipoamka asubuhi, mtaa mzima uliamka naye. Alikohoa mara tatu, akatetemeka kama ngamia anayeinuka na mzigo, kisha akatoa moshi mweusi, mzito, wa kukatwa kwa panga, ukatambaa juu ya kuta na kuingia madirishani bila hodi. Mwarobaini uliosimama nyuma ya maegesho yake ulikuwa wa rangi mbili: kijani upande wa msikiti, mweusi upande wa Jenerali. Fahmo, mke wa Dualeh, alikuwa amehamisha kamba ya kuanikia nguo mara tatu, na mara ya tatu aliihamishia kwa jirani.

Huyo Fahmo ndiye aliyeuza maziwa, na pua aliyokuwa nayo haijawahi kudanganywa. Kwa miaka miwili, kila walipokunywa chai hotelini kwa Kiende, yeye alikaa benchi la ndani na kumwelekeza mumewe benchi la nje, kule upepo unakoelekea.

"Baba Siyad, kaa pale," alikuwa akisema. "Chai yangu naitaka inuke chai."

Na Dualeh, aliyewahi kuvuka jangwa usiku na mchana bila kuogopa majambazi wa shifta wala fisi, alikaa pale. Watu wakipita walimwuliza kama amegombana na mkewe. Yeye alijibu kwamba anapenda hewa safi.

Sasa sikieni balaa lilivyoanza.

Maziwa ya Fahmo yalitoka kwa dada yake huko Kulamawe. Dada huyo aliyatunza kama walivyofundishwa na mama yao: kabla ya kukamua, aliingiza vijiti vinavyowaka ndani ya kibuyu na mitungi, akavifukiza mpaka vikashika harufu ile tamu ya mti uliochomwa, ambayo mnywaji wa maziwa ya ngamia asipoiona huuliza kama amepewa maji. Asubuhi basi liliyaleta mpaka steji, Jenerali akayapokea na kuyapeleka kwa Kiende, Malkia wa Sufuria Saba, mwanamke wa Kimeru ambaye chai yake ya maziwa ya ngamia iliwafanya madereva wa miraa, watu wenye haraka kuliko wote duniani, wasimame.

Lakini siku tatu mfululizo Kiende alifungua mtungi, akanusa, akaufunga.

"Mama Siyad," alimwambia Fahmo siku ya tatu, "mimi na wewe tumetoka mbali. Lakini jana dereva mmoja ameniuliza kama hii chai naichota petroli stesheni. Kesho yakija na hii harufu, mimi nachukua ya pakiti, na tusinuniane."

Fahmo hakuwa na mnunuzi mwingine. Hoteli ya Kiende ikifunga mlango, hata dada yake kule Kulamawe angebaki na maziwa na asiwe na mahali pa kuyapeleka. Na hapo akafanya kosa ambalo angelifanya mtu wa kwao tu: akalaumu vijiti. Alimpigia dada yake simu, akamwambia moshi wake ni mbaya, kuni amebadilisha, amekuwa mvivu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuni ni zile zile za mama yetu," akajibu. "Nusa mahali pengine." Akakata simu. Na tangu simu ile walikuwa hawaongei, wanawake wawili waliolala mkeka mmoja tangu utoto.

Ndipo ikafika asubuhi ya nne, asubuhi ya vita.

Basi la Kulamawe liliingia steji saa tatu kasoro robo. Kondakta akashusha mitungi miwili, lita tano huku, lita tano huku, imefunikwa gunia lililoloweshwa maji ili maziwa yasipate joto. Dualeh aliisimamisha nyuma ya Jenerali na kuwasha injini. Jenerali akakohoa. Pembeni alikuwa amesimama Bedan, karani mstaafu wa ofisi ya mifugo, mtu mwembamba aliyeshuka kutoka nyanda za juu miaka mingi iliyopita akiwa juu ya baiskeli nyeusi ya chuma, ile inayoitwa blakimamba, na hakushuka tena isipokuwa kula na kulala.

"Habari ya asubuhi, Mzee Dualeh," akasema Bedan, akijifunika pua. "Nilikusikia kabla sijakuona, na sasa nakuonja."

"Karani, wewe endelea kukanyaga chuma chako. Hili ni gari la mwanaume."

"Sikatai. Zima kwanza, nikuulize. Nasikia maziwa ya Mama Siyad yamekataliwa."

"Ni vijiti vya shemeji yangu."

 Bedan alitoa leso mfukoni, nyeupe, iliyopigwa pasi, akaitandaza nyuma ya pikapu, kati ya mitungi miwili. "Washa tena," akasema. "Hesabu mpaka mia, halafu zima."

Dualeh akawasha, kwa dharau kubwa. Akahesabu kwa sauti, na watu wa steji wakamsaidia. Alipozima, Bedan aliinua leso kwa vidole viwili na kuipitisha mbele ya macho ya wote. Leso ilikuwa nyeusi kama kiganja cha fundi. Chini ya pale ilipokuwa imelala palikuwa na tundu la kutu la kuingia ngumi, na kupitia tundu hilo bomba la Jenerali lilikuwa likipuliza moshi wake moja kwa moja kwenye vifuniko vya mitungi.

Dualeh alichukua leso, akainusa. Akainusa tena. Na kupitia leso ile alinusa mambo mengi kwa mara moja: kamba ya nguo iliyohamia kwa jirani, mwarobaini wa rangi mbili, benchi la nje, na madada wawili wasioongea kwa sababu yake.

"Astaghfirullah," akasema. "Ni mimi."

Hapo akapanda juu ya tairi la akiba lililolala chini, kwa kuwa shujaa hasemi maneno makubwa akiwa chini, akainua mkono na kunena: "Sikieni, enyi watu wa steji, na wewe kondakta shuhudia! Maziwa haya yametoka nyikani yakiwa safi. Kuanzia hapa mpaka kwa Kiende, hayatapanda kitu chochote kinachokunywa mafuta! Si Jenerali, si bodaboda, si lori, hata ikiwa ni gari la gavana! Nimesema mbele ya Mungu na mbele ya karani!"

Watu wakapiga makofi. Dualeh akashuka. Ndipo akakumbuka kwamba hakukuwa na punda.

"Umeapa vizuri," akasema Bedan. "Sasa utayabeba kichwani?"

Dualeh akatazama mitungi, akatazama barabara, akatazama gunia ambalo lilikuwa limeanza kukauka pembeni. Saa nne wafanyabiashara wa mifugo huacha soko na kumiminika kwa Kiende. Kama sufuria halijatiwa maziwa saa hiyo, pakiti zitafunguliwa.

"Nipe huyo mamba wako," akasema.

"Acha nikupelekee mimi. Wewe lini mara ya mwisho kuendesha baiskeli?"

"Kabla sijaoa. Lakini ni mimi niliyeyaharibu siku tatu, Bedan. Siku ya nne nitayapeleka mimi."

Bedan akaifunga mitungi kwenye keria kwa mpira wa tairi la ndani. "Tatizo ni kutikisika," akasema kwa wasiwasi wa mtu aliyekulia na ng'ombe. "Ukipiga mashimo sana yatakuwa siagi kabla hujafika."

Steji nzima ikacheka. "Karani, miaka yote hii Isiolo na bado uko Meru!" akasema Dualeh. "Maziwa ya ngamia, yatikise mpaka mkono ung'oke, siagi hupati."

Vita vya kwanza vilikuwa vya kupanda. Ile baiskeli ina chuma katikati, na Dualeh alikuwa amevaa kikoi chake cha Idi, cha mistari ya kijani, zawadi ya mwanawe. Alirusha mguu mara ya kwanza, kikoi kikakataa. Mara ya pili, baiskeli ikakataa. Mara ya tatu alikipandisha kikoi mpaka magotini, akakikunja kiunoni, akaita bismillahi, akajirusha kama mtu anayeingia mtoni, na loo! akakaa. Gurudumu la mbele liliyumba kushoto, likayumba kulia, likatafakari, kisha likakubali. Steji ikashangilia. Bedan akafuata nyuma kwa miguu, akikimbia kidogo, akitembea kidogo.

Mita mia mbili hazijaisha, vita vya pili vikamkuta. Mugendi, mwenye bodaboda, baba wa watoto watatu na mwenye mdomo wa watu sita, alimpita polepole akimtazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Buda! Jenerali amekufa ama amestaafu?"

"Aleikum salaam," akajibu Dualeh, ambaye hakuwa na pumzi ya kutosha kujibu swali lenyewe.

"Shika hii kamba mzee wangu, nikuvute. Dakika mbili umefika. Sitaki kitu."

Na tuseme ukweli wote, maana habari za mashujaa zikipunguzwa chumvi hazilishi: Dualeh aliitamani ile kamba. Mapaja yalikuwa yakiwaka, upepo wa Isiolo ulikuwa umemkuta usoni na vumbi lake lote, na gunia lilikuwa limekauka upande mzima. Aliona mkono wake mwenyewe ukiachia usukani. Kisha pikipiki ikapuliza, na moshi mwembamba wa buluu ukapita mbele ya pua yake kuelekea kwenye mitungi.

"Kaa nyuma!" akanguruma. "Kaa nyuma yangu, Mugendi, mbali, au zima! Haya maziwa yameshavuta vya kutosha!"

Mugendi alikuwa tayari kucheka, lakini aliuona uso wa mzee. Akarudi nyuma, akatanua miguu na kwenda polepole katikati ya barabara, na kila lori lililokuja kwa hasira alilizuia kwa mkono, akipiga kelele, "Pole pole! Kuna maziwa mbele!" Na hivyo Dualeh, ambaye maisha yake yote alikuwa mbele ya foleni akiiachia moshi, sasa aliongoza foleni ya malori mawili, teksi tatu za probox na mkokoteni wa punda, na hakuna aliyekohoa.

Hapo aligeuza kichwa kutazama nyuma. Kwenye kioo cha Jenerali hakuwahi kuona kitu nyuma yake isipokuwa weusi, na alidhani vioo ndivyo vilivyo. Sasa aliona barabara nzima, mpaka kule ilikotoka, na watu wake, na nyuso zao. Alishangaa sana, akasahau kukanyaga, na huo mshangao ndio uliomwingiza kwenye vita vya tatu.

Kwa sababu kuna mahali barabara inapanda kidogo. Mtu wa gari haoni kama inapanda. Mtu wa miguu huambiwa. Mtu wa baiskeli mwenye miaka sitini na minne hujua mwenyewe, bila kuambiwa. Dualeh alisimama juu ya pedeli, akasukuma kwa nguvu zote za ukoo wake, akapiga kelele, "Ya Rabbi!" na pindo la kikoi cha Idi likateremka kiunoni, likapepea mara moja kama bendera, likaingia kwenye cheni.

Baiskeli ikasimama. Dualeh akaanguka upande, mguu mmoja ukiwa umekaza chini, mikono ikikumbatia mitungi kabla haijagusa lami. Haikugusa.

Alikuwa amekwama mbele ya meza ya nyanya ya Emanikor, mwanamke wa Kiturkana mwenye shanga mpaka kidevuni. Na Emanikor alikuwa ameshazifunika nyanya zake zote kwa leso kubwa, tayari, tangu aliposikia ile "Ya Rabbi". Akachungulia. Akatazama nyuma ya Dualeh. Akatazama mbele yake.

"Mzee, kile kiwingu chako kiko wapi?"

"Nimekiacha steji."

"Sauti yako ilinifanya nifunike bure." Akaifunua leso polepole, kama mtu asiyeamini. "Miaka mitano, nikikusikia nafunika. Watu wanasema nyanya za Emanikor zinauzwa na sabuni."

Dualeh alitaka kutoa hotuba. Kifua kilikuwa kimejaa. Lakini mtu aliyefungwa kikoi kwenye cheni, mguu mmoja hewani, hawezi kuhutubia, kwa hiyo alisema tu, "Nisamehe, mama. Sikuwa naona nyuma."

 Emanikor aliinama kutazama cheni. Kitambaa kilikuwa kimejizungusha mara nne, kimeingia kwenye meno yote. Bedan alifika akihema, akajaribu kurudisha pedeli nyuma, ikagoma.

"Hii inataka nusu saa na spana," akasema.

Dualeh aligusa gunia. Lilikuwa kavu kabisa, na chini yake mtungi ulianza kuwa vuguvugu. Kutoka kule soko la mifugo, wanaume wenye fimbo walikuwa wakianza kutoka wawili wawili, wakielekea chai.

Emanikor akachukua kisu cha nyanya.

"Hapana!" akalia Dualeh. "Hiki ni cha Idi! Nimeletewa na Siyad!"

"Na maziwa ni ya leo," akasema Emanikor.

 Upepo ukapita. Dualeh Mshika Usukani akafumba macho, akageuza uso upande mwingine kama wanavyofanya watu wanaotolewa mwiba, akasema, "Kata."

Kisu kikapita, kraa! Nusu ya kikoi ikabaki kwenye cheni, nusu ikamporomoka, na chini yake ikaonekana kaptura ya kaki, ndefu, yenye mkunjo wa pasi, sawasawa na ile ya babu yake kwenye picha iliyotundikwa sebuleni. Mugendi aliiona, akashuka kwenye pikipiki, akapiga saluti mpaka kisigino kikalia.

"Afande!"

"Usinicheke, wewe."

"Sicheki, mzee. Lakini hiyo baiskeli sasa haitembei."

"Babu yangu hakuja Isiolo na pikapu," akasema Dualeh, naye akashangaa kusikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake. "Picha yote ni miguu na vumbi. Sijui mimi nilitoa wapi habari ya gari."

Emanikor akamimina maji yake ya kunywa, chupa nzima, juu ya gunia. Bedan akaichomoa cheni kwenye gurudumu la nyuma ili gurudumu lizunguke bure. Na Dualeh mwana wa Guleid akashika usukani kwa mikono miwili, akaisukuma ile baiskeli kupanda mlima ule usioonekana, kaptura ikipepea, Bedan akisukuma keria, Mugendi akizuia malori, mpaka chai ya Kiende ikanukia mbele yao.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Kiende alikuwa amesimama mlangoni na pakiti mkononi na makasi juu ya pakiti. Fahmo alikuwa benchi la ndani, mikono mapajani. Alipomwona mumewe akija kwa miguu na kaptura, alisimama, akadhani kuna msiba.

"Ajali?"

"Hapana," akasema Dualeh, akiweka mitungi mezani. "Mpigie dada yako. Mwambie kuni hazina makosa. Makosa yako steji, yameegeshwa."

Kiende akafungua mtungi. Povu likapanda mpaka ukingoni, jeupe, kwa ile safari ya mashimo. Bedan akachungulia kwa hofu, akitafuta siagi. Kiende akapeleka pua. Wenye fimbo waliokuwa wameshaketi wakanyoosha shingo. Akachovya kijiko, akaonja, akafumba macho, akaonja tena, na hakuna aliyejua kijiko cha pili kilikuwa cha mashaka au cha tamaa.

Aliirudisha pakiti rafuni. Akainua mtungi wa lita tano kwa mkono mmoja na kuumimina wote sufuriani, na sauti ya maziwa yakiingia katika majani yanayochemka ikasikika mpaka barabarani.

"Ongezeni makaa!" akaita. "Na kesho nataka lita kumi na tano!"

Wenye fimbo wakagonga sakafu. Mugendi akapiga honi mara tatu nje, injini ikiwa imezimwa. Dualeh alipokea vikombe viwili, na kama mazoea yalivyo akageuka kwenda benchi la nje.

"Unaenda wapi?" akauliza Fahmo.

Alimsogelea, akanusa bega lake. Akanusa nywele. Akanusa mkono uliokuwa na grisi ya cheni.

"Unanuka jasho," akasema.

"Ndiyo."

"Na kondoo."

"Nilipitia karibu na soko."

Fahmo akasogea benchini, akapiga mkono pale mahali palipokuwa wazi. "Na kesho?"

"Kesho," akasema Dualeh, akiketi kwa uangalifu wa mtu mwenye mapaja mapya, "nitavaa suruali."

Iandikwe basi, na kama karatasi hakuna isemwe mpaka ikaririwe: Jenerali alishinda pale steji mpaka jioni, mbuzi watano wamelala kwenye kivuli chake, na hiyo ndiyo huduma nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Na katika asubuhi hiyohiyo, mjini Isiolo, mtu mmoja alivuka hatua nne, kutoka benchi la nje hadi benchi la ndani, na safari hiyo ilimgharimu miaka miwili, kilomita mbili, na nusu ya kikoi.